Jamaa ya Rebmann ilivyostahimili kejeli na kukataliwa

Nyumba ya mhubiri haina siri. Waumini huitazama meza yake, mavazi ya mkewe, alama za wanawe shuleni na hata kicheko kitokacho dirishani mwake. Akifanikiwa, husemwa kwamba anajitafutia makuu. Akishindwa, husemwa kwamba hakuitwa. Mkewe hulaumiwa kwa maneno ambayo hakuyatamka, na watoto wake huulizwa njiani maswali ambayo yangepaswa kuulizwa katika baraza la kanisa. Mimi ni mwalimu, na katika miaka yangu ya kushika chaki nimewafundisha watoto wengi wa wachungaji. Baadhi yao walikuwa wamejifunza kunyamaza mapema mno.

Kwa sababu hiyo nimekuwa nikitafuta katika historia ya nchi yetu mfano wa jamaa ya wahubiri iliyokataliwa isiangamie. Sikutaka mfano wa malaika, kwa maana malaika hawamfai kijana anayesimangwa leo. Nilitaka watu wenye nyama na damu, wenye kukosea na kuchoka. Nimewapata kwa Johannes Rebmann na mkewe Emma, walioishi Rabai, si mbali na Mombasa. Vitabu tunavyotumia shuleni humtaja Rebmann kwa sentensi moja tu, kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini haisemi alilipwa nini kwa kuusema ukweli huo.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika mji mdogo wa Gerlingen, Württemberg, nchini Ujerumani. Alisomea kazi ya umishenari mjini Basel, Uswisi, kisha akaendelea na masomo Islington, London, chini ya shirika la Church Missionary Society, lijulikanalo kwa ufupi kama CMS. Alipata upadri katika Kanisa la Kianglikana mwaka wa 1845, na mwezi wa Juni 1846 akashuka Mombasa. Aliyempokea alikuwa Mjerumani mwenzake, Ludwig Krapf, ambaye mwezi wa Julai 1844 alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga kwenye pwani hiyo hiyo. Basi tangu siku ya kwanza Rebmann aliijua gharama ya kazi aliyoijia. Mwezi wa Agosti 1846 wawili hao, wote wakiugua homa, walipanda kwenda Rabai wakaanzisha kituo chao. Wazee wa Rabai waliwapokea kwa heshima. Hata hivyo, kumkaribisha mgeni ni jambo moja, na kuikubali dini yake ni jambo jingine.

Mwezi wa Aprili 1848 Rebmann alishika njia ya bara pamoja na watu wachache, wakiongozwa na mkuu wa misafara aliyeitwa Bwana Kheri. Wenyeji wa pwani walimwonya kwamba mlima aendako unalindwa na majini, na kwamba waliowahi kuufuata utajiri wake hawakurudi salama. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya mlima, akadhani ni wingu. Alipomuuliza mwenyeji aliyekuwa akimwongoza, alijibiwa kwamba kile ni baridi tu. Hapo mtoto wa Württemberg, aliyeizoea theluji tangu utotoni, akatambua alichokuwa akikitazama.

Hakuridhika na mtazamo wa siku moja. Alirudi Uchagga mwezi wa Novemba mwaka huo huo, akauona mlima tena na tena, akawauliza watu walioishi chini yake. Alijifunza kwamba Wachagga walikuwa na jina la weupe ule, Kibo, na kwamba walijua vyema kuwa kitu kile hugeuka maji kinapoteremshwa. Huo ndio ukweli ambao ningependa wanafunzi wetu waushike: Rebmann hakuivumbua theluji ya Kilimanjaro. Wachagga waliijua kabla babu zake hawajazaliwa. Alichofanya yeye ni kuona, kuuliza, kusikiliza na kuandika kwa uaminifu.

Habari hizo zilichapishwa katika jarida la CMS mwaka wa 1849. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo Krapf naye, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya ukiwa na kilele cheupe. Mtu angedhani kwamba mashahidi wawili na milima miwili vingetosha. Havikutosha. Mjini London aliishi msomi aliyeitwa William Desborough Cooley, bingwa wa maandishi ya kale ya Kiarabu na Kireno kuhusu Afrika. Cooley hakuwahi kukanyaga udongo wa bara hili, lakini alikuwa ameichora ramani ya ndani ya Afrika kutokana na vitabu, na ramani yake haikuwa na nafasi ya milima yenye theluji karibu na ikweta. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1852 aliitupilia mbali habari ya Rebmann, akaifanya kuwa njozi ya mhubiri. Wapo wasomi wengine waliomwamini, maana jina lake lilikuwa kubwa na la Rebmann halikuwa lolote.

Hebu tuliweke jambo hili mbele ya wanafunzi wetu wa jiografia. Kadiri mtu apandavyo juu, ndivyo hewa inavyozidi kuwa baridi. Kwa wastani joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kukokotoa hesabu hiyo na kuona kwamba barafu kileleni si muujiza. Kanuni hiyo haikuwa siri kwa wataalamu wa wakati huo, na milima ya Andes yenye theluji karibu na ikweta ilikuwa imekwisha kuandikwa. Kilichomzuia Cooley kuamini si ukosefu wa elimu. Alikuwa amekwisha kusema, na ilikuwa vigumu kwake kuyameza maneno yake.

Wakati maneno hayo yakichapishwa London, Rebmann alikuwa amepata mwenzi. Mwaka wa 1851 alisafiri hadi Misri, akafunga ndoa na Emma, mwanamke wa Kiingereza, na mwaka uliofuata wakarudi pamoja Rabai. Kuanzia hapo lawama zilizomwangukia mume zilikaa mezani pamoja na mke. Mtoto wao wa pekee alifariki akiwa mchanga. Krapf alipoondoka mwaka wa 1853 kwa sababu ya afya, na mmishenari mwenzao Jakob Erhardt alipoondoka mwaka wa 1855, jamaa hiyo ya watu wawili ilibaki karibu peke yake. Kumbukumbu zilizochapishwa zinamzungumzia mume kurasa kwa kurasa, na mke kwa mistari michache. Naamini mistari hiyo michache ingeweza kujaza kitabu.

Msomaji asidhani kwamba kukataliwa kulitoka Ulaya peke yake. Katika safari yake ya tatu, mwaka wa 1849, Rebmann alikusudia kupita Machame afike hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame alimnyang'anya mali yake kidogo kidogo, leo kitambaa, kesho shanga, mpaka hakubakiwa na cha kumvusha mbele. Aliondoka mgonjwa, mikono mitupu. Wakati wa kuagana watu wa Mamkinga walimtemea mate wakimtakia safari ya amani, kisha wakadai malipo kwa kila mate. Aliyelelewa Ulaya angeona hilo kuwa tusi la mwisho, kumbe kwa desturi ya wenyeji ilikuwa baraka. Nakitaja kisa hiki kwa makusudi. Mtu aliyejeruhiwa huwa mwepesi wa kuona tusi kila mahali, na kuna siku anayemwumiza hakukusudia kumwumiza.

Huko Rabai kwenyewe watu walimsikiliza, wakamuuliza maswali, wakarudi kwenye kaya zao na mila zao. Walikuwa na haki ya kufanya hivyo. Hawakumwita, na dini ya wazazi wao ilikuwa imewalinda kwa vizazi. Mwaka wa 1851 alibatizwa Mringe, mtu mwenye ulemavu ambaye alifariki punde baadaye. Baada yake ilipita miaka mingi na waumini wakabaki wachache wa kuhesabika kwa vidole. Kwa mhubiri hakuna shutuma inayouma kuliko viti vitupu, maana hiyo haina mtu wa kujibizana naye.

Mwaka wa 1857 wasafiri wa Kiingereza, Richard Burton na John Speke, walifika nyumbani kwa Rebmann, Kisuludini, hapo Rabai. Wageni hao walipokewa, na baadaye Burton aliandika habari za mwenyeji wake kwa maneno yasiyo na staha. Mwaka huo huo uvamizi wa Wamaasai uliwafanya Rebmann na Emma wakimbie, wakaishi Unguja kwa muda kabla ya kurudi. Kwa hiyo walikuwa watu waliotiliwa shaka na wasomi, waliodharauliwa na mgeni waliyempokea, wasiofuatwa na majirani zao, na sasa wasio na nyumba.

Hata miongoni mwa wenzake hakukosa upinzani. Krapf alikuwa na ndoto ya kutandaza vituo vya misheni kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Rebmann alifika mahali pa kuamini kwamba ni afadhali kukaa pamoja na watu wachache, kujifunza lugha yao na kungoja. Hitilafu hiyo ilileta ubaridi kati ya marafiki wawili. Kadiri miaka ilivyopita, waliosimamia kazi na waliofika kuikagua waliona mhubiri mzee, kituo kidogo na hesabu ndogo ya waumini, wakajiuliza kama gharama ile ilikuwa na faida.

Sasa niulize swali ambalo walimu wenzangu huniuliza: mtu huyu alistahimilije? Nimeitafakari habari yake, nami naona mambo matatu.

La kwanza, alitenga neno lililomhusu yeye na neno lililohusu jambo lenyewe. Suala la theluji halikuwa suala la heshima ya Rebmann. Lilikuwa suala la nini kipo juu ya mlima. Akaliachia ushahidi. Katika shajara zake aliandika tarehe, mahali, hali ya anga, majina ya wenyeji, mito inayoshuka kutoka mlimani. Aliyetaka kuhakikisha aliachiwa njia ya kuhakikisha. Mwaka wa 1861 tajiri wa Kijerumani, Karl Klaus von der Decken, alifika Kilimanjaro pamoja na mwanajiolojia wa Kiingereza, Richard Thornton, na wote wakaiona theluji. Mwaka uliofuata von der Decken alipanda tena, akapita mita 4,000, na theluji ikaanguka akiwa huko huko mlimani. Mwaka wa 1864 Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kikamtunuku nishani ya dhahabu. Rebmann alikuwa amengoja miaka 13 kwa jambo aliloliona kwa macho yake. Emma alikuwa hai bado ukweli ulipothibitishwa. Krapf hakupata bahati hiyo kwa Mlima Kenya. Alifariki mwaka wa 1881, na Joseph Thomson akauthibitisha mwaka wa 1883. Ama Cooley, aliendelea kubisha hata baada ya von der Decken. Wapo wakosoaji ambao hakuna ushahidi utakaowaridhisha, na mwenye hekima hapotezi maisha yake akiwangoja wakiri.

Lakini tusimfanye Rebmann kuwa mtu asiyekosea. Yeye na Erhardt walitayarisha ramani ya ndani ya Afrika kutokana na masimulizi ya wafanyabiashara wa misafara, ikachapishwa katika miaka ya 1855 na 1856. Kwa kuwa kila njia ya misafara iliishia kwenye maji makubwa, walichora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo kama la konokono asiye na nyumba. Wasomi walilicheka, na hapo walikuwa na haki, maana leo tunajua kwamba yale yalikuwa maziwa matatu: Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Hata hivyo ni ramani hiyo yenye kosa iliyochangia kuwatuma Burton na Speke waje kutazama wenyewe. Basi tazameni: mtu yule yule, mbele ya wakosoaji wa aina moja, alikuwa na haki kuhusu mlima na alikuwa amekosea kuhusu ziwa. Anayesimangwa akiamini kwamba kila lawama ni uonevu atafunga masikio kwa lawama iliyo ya kweli. Anayeamini kwamba kila lawama ni kweli atavunjika. Kazi ngumu ni kuzichambua moja moja kama mchele kwenye ungo.

La pili, alipokataliwa kwa neno alilolihubiri, hakuacha kujifunza neno la waliomkataa. Kwa miaka mingi alikusanya msamiati wa Kiswahili na wa lugha ya Kirabai. Mjini Mombasa alikutana na Salimini, mtumwa aliyetolewa nchi za Ziwa Nyasa, akajifunza kwake lugha ya huko. Kamusi iliyotokana na mazungumzo yao ilichapishwa mwaka wa 1877, baada ya kifo cha Rebmann, kwa juhudi za Krapf. Naam, yule yule Krapf ambaye walikuwa wametofautiana naye. Tafsiri ya Rebmann ya Injili ya Luka kwa Kiswahili ilitoka mwaka wa 1876. Kamusi kubwa ya Kiswahili ya Krapf, iliyotoka mwaka wa 1882, nayo ilinufaika na kazi ya mwenzake. Sisi tunaofundisha Kiswahili leo tunakula matunda ya miaka ambayo wakaguzi waliiandika kuwa miaka mitupu.

La tatu ni nyumba yenyewe. Emma alikaa Rabai tangu 1852 hadi kifo chake mwaka wa 1866, isipokuwa ule muda wa Unguja. Miaka 14 ya ndoa katika nchi ya homa, kaburi la mtoto, wageni wenye dharau na barua zinazochelewa kwa miezi. Sina haja ya kubuni maneno waliyoambiana usiku. Natazama tu lililotokea baada ya kifo chake. Rebmann aliendelea kukaa Rabai, lakini macho yake yakazidi kudhoofika mpaka akawa kipofu, akazidi kujitenga, akakataa kuiacha kazi ya kamusi zake hata waliomjali walipomsihi apumzike. Mtu aliyestahimili kejeli za London akiwa na mke kando yake alionekana kudhoofika alipobaki peke yake. Ustahimilivu wa mhubiri aghalabu huitwa nguvu yake mwenyewe, kumbe nusu yake hukaa jikoni na sebuleni, na hatuitambui mpaka itakapoondoka.

Hapa pana onyo pia. Kukaa kimya na kuendelea na kazi ni fadhila, lakini fadhila hiyo ikipita kiasi hugeuka ukaidi. Rebmann hakurudi Ulaya hata mara moja kwa miaka 29. Nadhani angalirudi mapema kidogo kutibiwa, angalipata msaada na kuwafunza wengine waliyoyajua yeye na Emma. Hilo nalisema kwa unyenyekevu, maana ni rahisi kumhukumu mtu ambaye hawezi kujibu.

Niliwahi kuwapeleka wanafunzi Rabai. Nyumba ya Rebmann na ya Krapf zimehifadhiwa, na tangu mwaka wa 1994 pana jumba la makumbusho lenye jina la Krapf. Kijana mmoja katika kundi langu, ambaye baba yake alikuwa ameondolewa katika ushirika wake kwa sababu ya ugomvi wa wazee, alisimama muda mrefu mbele ya nyumba ile ndogo. Aliniuliza kama Rebmann alijua kwamba siku moja watu wangekuja kuitazama nyumba yake. Nilimjibu kwamba hakujua, na kwamba hilo ndilo la maana. Angalifanya kazi kwa ajili ya watazamaji hao, asingedumu hata mwaka mmoja. Kijana yule hakusema kitu, lakini njiani kurudi alianza kunieleza habari za nyumbani kwao, kwa mara ya kwanza.

Mwaka wa 1875 Rebmann aliondoka Mombasa akiwa hawezi kuona. Aliyemshika mkono katika safari ile ndefu ya bahari hadi Ulaya alikuwa Isaac Nyondo wa Rabai, mmoja wa waumini wachache ambao wakaguzi waliwaona kuwa hesabu ndogo. Rebmann alifariki Korntal, karibu na mahali alipozaliwa, tarehe 4 Oktoba 1876. Nyondo alirudi nyumbani akaitumikia kazi ile ile ya kanisa miongoni mwa watu wake, na Rabai ikawa mojawapo ya chemchemi za Ukristo na elimu ya shule katika nchi yetu. Aliyehesabiwa kuwa ushahidi wa kushindwa ndiye aliyekuwa macho ya mzee, na ndiye aliyeibeba kazi mbele.

Walimu wenzangu, tunao watoto wa wahubiri katika madarasa yetu, na wapo pia watoto wa mahakimu, machifu na walimu, ambao jamaa zao husemwa hadharani. Tusiwafanye wajibu kwa ajili ya wazazi wao, wala tusilitaje jambo la nyumbani kwao mbele ya wenzao hata kwa mzaha. Tumpe mtoto kama huyo kazi ya kufanya na mtu wa kuzungumza naye. Nanyi wanafunzi, mkisimangwa, ulizeni kwanza kama linalosemwa ni mlima au ni ziwa. Ikiwa ni ziwa, chukueni kifutio mrekebishe ramani. Ikiwa ni mlima, andikeni mlichokiona, tarehe na mahali, kisha mwendelee na kazi. Theluji haikungoja ruhusa ya Cooley ili iwepo.